Bunduki ya upepo: acha kuuliza inafika mita ngapi



Tangu mpunga uanze kutoa masuke, kuna swali limenijia kwenye simu mara nyingi kuliko hata la mbolea ya kukuzia. "Bwana shamba, hivi bunduki ya upepo inafika mita ngapi?" Wengine wananitumia na video kabisa. Jamaa wa Ulaya au Marekani amelala chini, ana darubini kubwa kuliko mkono wangu, anapiga njiwa juu ya paa la ghala mita 90 huko, njiwa anaanguka kama embe. Kijana ana ekari tano za mpunga, ndege wanamla, sungura pori wanamaliza mche wa tikiti, kunguru anabeba vifaranga. Anaona hii ndiyo dawa.

Nimeamua nijibu hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mtu. Na nianze kwa kusema kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Bunduki yoyote ina umbali wa aina mbili. Kuna umbali wa kazi, yaani mpaka wapi unaweza kumpiga mnyama mdogo mahali unapotaka na akafa papo hapo. Halafu kuna umbali wa mwisho, yaani risasi inaenda kuanguka wapi ukimkosa. Muuzaji anakutajia ule unaomsaidia kuuza. Wa pili hakutajii, na ndio unaoweza kukupeleka mahakamani.

Kwa bunduki ya upepo ya kawaida, hizi namba mbili zimeachana sana. Umbali wa kazi ni kama mita 30. Umbali wa mwisho ni mita 300 na zaidi. Kwenye maboksi ya bunduki nyingi zinazouzwa Marekani utakuta onyo kwamba ni hatari mpaka yadi 400, sawa na mita kama 365. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70. Hata ukiwa na ekari tano za mraba, upande mmoja hauzidi mita 145. Kwa hiyo risasi uliyoikosea inaondoka shambani kwako, inapita kwa jirani, na inaweza kufika kwa jirani wa jirani.

Kwanini mita 30 tu?

Tuelewane kwanza tunazungumzia bunduki gani. Zile nyingi mnazoziona ni za springi, unakunja mtutu, unaweka risasi moja, unafunga. Kaliba ni mbili zinazojulikana zaidi, milimita 4.5 na milimita 5.5. Uingereza wameweka mpaka wa nguvu: ikizidi takriban jouli 16 pale mdomoni mwa mtutu, unahitaji kibali cha bunduki kama bunduki nyingine. Nyingi za springi zinachezea humo humo. Jouli 16 ni kidogo. Bunduki ya baruti ya .22, ambayo yenyewe ni ndogo kabisa kati ya za baruti, inatoa karibu mara kumi ya hapo.

Risasi ya kaliba 5.5 ina uzito wa karibu gramu moja, na kwa nguvu hiyo inatoka kwa mwendo wa kama mita 185 kwa sekunde. Umbo lake lina kiuno kama nyigu na kisketi nyuma. Kile kisketi kinaisaidia kwenda sawa, lakini pia kinakamata hewa, kwa hiyo risasi inapungua mwendo haraka sana. Ikifika mita 30 imeshapoteza sehemu kubwa tu ya nguvu iliyotoka nayo. Na inashuka. Ukiirekebisha darubini ipige sawasawa mita 27, ukampiga ndege aliyeko mita 45 bila kubadili kitu, risasi itapita zaidi ya sentimita 10 chini ya pale ulipolenga. Upepo mdogo tu wa ubavuni, ule wa kutikisa majani ya mpunga, unaisukuma sentimita kadhaa pembeni kwa umbali wa mita 40.

Sasa chukua hizo sentimita uziweke kwenye mnyama. Sungura pori au kanga haulengi mwili. Manyoya na misuli ya kanga inatosha kuifanya risasi ya upepo imjeruhi tu, akakimbilia kichakani akafe siku mbili baadaye. Sehemu ya kumuua papo hapo ni kichwa, na kichwa cha kanga ni kidogo, kama kizibo cha soda.

Kwa hiyo kipimo changu ni hicho hicho kizibo cha soda. Chora duara la ukubwa wake kwenye karatasi, libandike kwenye boksi lililojaa mchanga, nyuma yake kuwe na tuta au kichuguu. Simama mita 15. Piga risasi tano, siyo umelala kwenye mto kama yule wa video, piga kwa mkao utakaoutumia kweli, umechuchumaa na jasho machoni. Zote tano zikiingia ndani ya duara, rudi nyuma mita tano, rudia. Pale ambapo risasi moja imetoka nje, umbali wako wa kazi umeishia hatua iliyotangulia. Wengi wa vijana niliowapima kwa njia hii wanaishia mita 20 au 25. Bunduki zao zingeweza zaidi. Wao hawawezi, na huo ndio umbali wao hata kama boksi limeandikwa vingine.

Najua mtu atasema, "Mimi nachukua ile ya mtungi." Sawa, zipo. Hizo zinajazwa hewa ya mgandamizo mkubwa, hazipigi teke, na zenye nguvu zinatoa jouli 40 au hata zaidi ya 70. Mpigaji mzuri kwa bunduki ya aina hiyo anafanya kazi safi mita 50, 60, na wale wa mashindano wanapiga karatasi mita 90 na kitu. Hata siyo jambo jipya, jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo za Girandoni tangu miaka ya 1780. Lakini ukiongeza nguvu unarefusha namba zote mbili. Umepata mita 25 za kazi, na kule mbele umeongeza mita nyingi zaidi ambazo risasi inatembea bila wewe kujua inaelekea kwa nani. Ukiweka zile risasi nzito zisizo na kiuno, ndiyo kabisa, maana hazipungui mwendo upesi. Kwa mtu mwenye ranchi ya kilomita nyingi sina neno. Kwa skimu ya umwagiliaji yenye watu mia tatu siku ya palizi, hapana.

Mwembe

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kabisa na mimi nalitaka likae kichwani. Risasi ya upepo haifiki mbali zaidi ukipiga usawa wa ardhi. Ukipiga usawa, ikikosa inachimba udongo mapema. Inafika mbali zaidi mtutu ukiinuliwa kama nyuzi 30 hivi. Sasa fikiria ndege ametua kwenye mwembe, tawi lipo mita 10 juu, wewe umesimama mita 15 kutoka kwenye shina. Mtutu wako uko nyuzi ngapi? Karibu 30. Yaani bila kujua umeshatega bunduki katika ule ulalo unaoipeleka risasi mwisho kabisa wa uwezo wake. Na nyuma ya ndege hakuna kitu, ni anga.

Msimu uliopita kwenye skimu moja ninayoihudumia kijana mmoja alikuwa anapiga njiwa juu ya mti kando ya mfereji. Siyo mtu mzembe, ni mkulima mzuri tu, anaweka kumbukumbu za shamba vizuri kuliko wengi. Alimkosa njiwa. Ng'ambo ya mfereji, zaidi ya mita 100, kulikuwa na mtoto wa jirani anaamia ndege. Risasi ilimpata shavuni, vidole viwili chini ya jicho, ikaingia ndani ya ngozi ikakaa. Hospitali waliitoa, jicho lipo salama. Baba yake hakupiga kelele. Alimwambia yule kijana, "Mwanangu, wewe ulikuwa unamwona njiwa. Sisi hukutuona."

Nimeambiwa na wengine kwamba kwa mita 100 "si inakuwa imechoka?" Imechoka kumuua kanga, ndiyo. Haijachoka kupasua ngozi ya mtu. Na jicho linahitaji nguvu ndogo kuliko ngozi. Mtoto anayeamia ndege kazi yake nzima ni kuangalia juu.

Kwa hiyo kwa mpunga wa skimu msimamo wangu ni mkali: usipige kitu chochote kilichoko juu ya usawa wa macho yako. Piga kinachokaa chini, chenye udongo nyuma yake, ndani ya umbali wako wa kizibo. Ukishaweka masharti hayo matatu utagundua nafasi za kupiga zimebaki chache mno. Ndivyo ilivyo.

Kwelea kwelea siyo wa bunduki

Hapa naomba mnisamehe nipige hesabu kidogo, maana wakulima wa biashara ndiyo lugha yetu. Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo yanajulikana Mbarali, Dodoma kwenye mtama na kwingineko, linakula tani 10 kwa siku. Wewe una bunduki ya risasi moja moja. Tuseme u hodari kuliko binadamu yeyote, unaua ndege mmoja kila sekunde 10, hukosi hata mmoja, unafanya hivyo saa 10 bila kula. Umeua ndege 3,600. Kwa kundi la milioni moja utahitaji siku 278. Mpunga wako utakuwa umevunwa, umekobolewa na umeliwa.

Wakionekana kwelea kwelea, kitu cha kupiga ni simu. Mwambie afisa ugani wa kata au ofisi ya kilimo ya halmashauri mapema, na utusaidie kitu kimoja cha maana kuliko risasi elfu: wanalala wapi. Ndege ya kunyunyizia inafanya kazi kwenye malalo yao jioni, siyo shambani mchana. Mkulima anayejua malalo yako kwenye matete ya bwawa gani ameokoa skimu nzima. Wakati mnasubiri, panga zamu ya kuamia, funga tepu za kung'aa, na kwa kitalu kidogo weka wavu. Mwaka ujao pandeni pamoja. Anayepanda peke yake mapema au mwisho ndiye anayewalisha ndege wa wilaya nzima.

Tumbili na ngedere nao msiwaguse na bunduki ya upepo. Ni wakubwa mno kwa risasi hiyo, utamtia kidonda tu, na kundi lote litarudi kesho asubuhi. Digidigi vilevile.

Halafu kuna sheria. Wanyamapori wa nchi hii hawawi mali yako kwa sababu wamelala shambani kwako. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila leseni ni kosa, na sungura pori, kanga na kwale ni wanyamapori, siyo "vitoweo". Kama wanakumaliza kweli, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya kwanza. Na silaha kwa Tanzania inamilikiwa kwa kibali kupitia polisi, kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Asije mtu wa mtandaoni akakwambia "hii ya upepo haihesabiki, ni ya michezo". Pita kituo cha polisi uulize kabla hujatoa hela. Kenya nako sheria yao inaitaja bunduki ya upepo kuwa silaha, nawaambia wasomaji wangu wa Taveta na Loitokitok wasijidanganye.

Sasa inafaa wapi?

Wapo maafisa ugani wenzangu wanaosema mkulima asiiguse kabisa. Mimi sifiki huko. Kwa mwenye kibali, ipo sehemu moja inafanya kazi nzuri, nayo ni ghala na banda. Panya usiku ghalani ni mita 8 mpaka 15, ndani ya uwezo wa kila mtu. Kuta zipo, risasi haiendi kwa jirani. Kunguru anayetua chini kwenye uwanja wa kuku, mita 20, kuna tuta nyuma, sawa. Ila kunguru ni mjanja, ukimpiga mmoja wenzake watakujua mpaka shati lako, kwa hiyo usitegemee kuua wengi. Na kwa mjini ambako kunguru hao wamejaa na nyumba zimebanana, sahau kabisa.

Hata kwa panya usijione umemaliza kazi. Panya shamba jike anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na wanakua haraka. Unaua watano usiku, wiki inayofuata wamekuja ndugu zao. Kinachomtoa panya ni sakafu iliyoinuliwa, makopo ya bati kwenye nguzo, majani yaliyofyekwa kuzunguka ghala, mitego ya kila siku na paka. Bunduki ni nyongeza kwa yule mmoja sugu aliyekataa mtego. Kwa kunguru vilevile: vifaranga wakikaa ndani ya wavu mpaka wiki ya nane, umeshammaliza bila kufyatua kitu.

Na ukipiga ndani ya ghala, tafadhali angalia nyuma ya panya kuna nini. Nimeona mtu anatumia magunia ya mahindi kama ukuta wa kuzuia risasi. Mahindi ya kuuza! Kiswahili chetu kimeshasema wazi, risasi imetengenezwa kwa madini ya risasi, na hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Tumia ubao mnene na mfuko wa mchanga mbele ya ukuta, kusanya zilizopondeka usizitupe. Panya aliyepigwa usimwachie paka wala mbwa, mfukie. Kwa wanaowinda kwa leseni na kula, kata nyama yote ya kuzunguka kidonda uitupe, na hiyo ya kichwa ndiyo usiguse kabisa. Nawa mikono ukimaliza kushika risasi, na acha ile tabia ya kuzibana mdomoni ili mikono iwe huru. Naiona sana.

Kwa walioniuliza bei: sitataja duka wala aina. Ninachowaomba ni hiki, kabla ya kwenda kuulizia, toka shambani na kamba ya mita au hesabu hatua. Simama pale ambapo ungepigia. Tembea hatua 30 uweke kijiti. Halafu endelea upande huo huo mpaka hatua 400, ukiandika kila unachokipita. Njia ya baiskeli, kitalunyumba cha nailoni, bomba la maji, ng'ombe wa mzee fulani, vibarua, shule. Niletee hiyo karatasi ofisini kwangu Jumanne au Alhamisi asubuhi, nipo. Tutaikaa pamoja, na wenye mpunga uliofika masuke waje pia na ramani ya malalo ya ndege kama wameyaona, maana taarifa ya kata nataka kuipeleka halmashauri wiki hii.